Mizani Isiyojua Majina

Mwaka 1710 ulikuwa mwaka mwema kwa mawakili wa Mungu barani Ulaya. Amsterdam kilichapishwa kitabu cha Gottfried Leibniz kuhusu haki ya Mungu mbele ya uovu wa dunia, kilichodai kwamba katika dunia zote ambazo zingeweza kuumbwa, hii tuliyomo ndiyo bora. London nako, Mskoti John Arbuthnot, daktari wa Malkia Anne, alikuwa na hoja fupi zaidi, ambayo aliamini haina mpinzani. Yeye hakuhitaji falsafa. Alikuwa na hesabu za ubatizo.

Arbuthnot alizipanga hesabu za watoto waliobatizwa London tangu 1629 hadi 1710, miaka 82. Mwaka wa kwanza walibatizwa wavulana 5,218 na wasichana 4,683. Mwaka wa pili wavulana wakazidi tena. Wa tatu vilevile. Miaka yote 82 wavulana walikuwa wengi kuliko wasichana, hata mmoja haukukosea. Akauliza: ikiwa jinsia ya mtoto ni kama sarafu inayorushwa juu, kuna uwezekano gani wa upande uleule kushinda mara 82 mfululizo? Jibu ni moja gawanya kwa namba yenye tarakimu 25. Bahati haiwezi kazi hiyo, akasema. Wanaume hufa zaidi wakihangaikia riziki, basi Mwenyezi Mungu huwaongeza kidogo tangu kuzaliwa, ili siku ya kuoa ikifika kila mmoja apate mwenzake. Na kwa kuwa hesabu inatoka mtu kwa mtu, akamalizia kwa furaha, kuoa wake wengi ni kinyume cha sheria ya maumbile na haki. Kauli hiyo ya mwisho ingepasua baraza lolote la kahawa kutoka Lamu hadi Kilwa, ila kwa sasa tuiache ipite.

Mwanahisabati Nicolas Bernoulli alimjibu kwa kebehi ya kitaalamu: nani kasema sarafu lazima iwe na pande mbili zilizo sawa? Chukua dadu yenye nyuso 35, 18 za wavulana na 17 za wasichana, uirushe mara elfu kadhaa kila mwaka. Utapata takwimu zote za London bila muujiza. Upande wa Arbuthnot nao haukukosa la kusema: na dadu hiyo nani kaichonga?

Swali hilo lilikaa bila jibu kwa zaidi ya karne moja na nusu. Charles Darwin alijaribu kulijibu mwaka 1871 katika kitabu chake kuhusu asili ya binadamu, akakaribia kabisa, kisha katika toleo la pili la 1874 akaifuta hoja yake na kuwaachia watu wa baadaye. Mjerumani Carl Düsing akaipigia hesabu mwaka 1884, wachache wakamsikia. Aliyesikika ni Mwingereza Ronald Fisher, mwaka 1930. Naye, kwa taarifa ya wanaodhani elimu hii ni mali ya wasioamini, alikuwa Mwanglikana mshika dini.

Hoja yake ni nyepesi kiasi kwamba msomaji hujiuliza mbona hakuiwaza mwenyewe. Kila mtoto ana baba mmoja na mama mmoja. Kwa hiyo wanaume wote wa kizazi fulani, ukiwajumlisha, wana watoto idadi ileile waliyonayo wanawake wote. Tuseme wanaume wamepungua, wako kumi kwa wanawake ishirini. Watoto ni walewale, lakini wakigawiwa kwa akina baba kumi, kila baba anapata mara mbili ya anachopata kila mama. Basi mzazi mwenye mwelekeo wa kuzaa wavulana atapata wajukuu wengi kuliko jirani yake, na wajukuu hao watarithi mwelekeo huo. Wavulana wataongezeka. Wakizidi, faida inahamia upande wa wasichana. Ni kama nyanya sokoni: zikiadimika bei inapanda, kila mtu anakimbilia nyanya, msimu unaofuata zinaozea matengani na watu wanarudi kwenye vitunguu. Hakuna ofisi inayopanga, lakini bei inapatikana. Fisher aliongeza kwamba kinacholingana si vichwa bali gharama ya kulea, na kwa kuwa watoto wa kiume hufa zaidi wangali wadogo, huweza kuzaliwa wengi kidogo. Duniani leo huzaliwa wavulana 105 hivi kwa kila wasichana 100. Dadu ya Bernoulli ilikuwa imempata mchongaji, naye hakuwa na mikono.

Mfugaji yeyote angeweza kumwambia Arbuthnot kwamba usawa aliousifu ni ubadhirifu. Fahali mmoja anatosha majike thelathini, ndiyo maana wengine huhasiwa, huuzwa au huliwa sikukuu. Kama mizani ingewekwa kwa faida ya kundi, kundi lingezaa majike tele na madume wa kuhesabika. Haiko hivyo. Simba wa Serengeti huzaliwa madume karibu sawa na majike, ingawa madume wengi watafukuzwa, watapigwa na kufa bila mtoto. Usawa unaotupendeza machoni ni kama kamba inayovutwa na watu wa pande mbili: imetulia kwa sababu kila upande unavuta kwake.

Kipimo cha maelezo hayo ni kuangalia mahali ambapo masharti yake yanavunjika. William Hamilton, mzaliwa wa Cairo, alifanya hivyo mwaka 1967 katika makala kuhusu uwiano wa ajabu wa madume na majike kwa wadudu na ndugu zao. Mfano mzuri kwa wasomaji wa huku unaning'inia kando ya mito yetu: kuyu. Mtoto anayelichuma hana habari kwamba ndani yake pamepita ukoo mzima wa nyigu wadogo kama punje za ufuta. Jike huingia kwa tundu jembamba mno hata mabawa yakakatika, hutaga mayai, huchavusha maua yaliyofichwa humo, hufa. Madume huanguliwa kwanza. Hawana mabawa wala hawatayahitaji: huwapanda majike waliomo, huchimba njia ya kutokea, nao hufia humohumo. Majike huruka na chavua kutafuta kuyu jingine.

Sasa ikiwa mama aliyeingia ni mmoja tu, madume wote mle ndani ni ndugu. Wakishindana, wanashindana wao kwa wao, na mama hapati mjukuu wa ziada. Kwake wana wawili watatu wanatosha, nafasi iliyobaki ajaze mabinti. Wakiingia akina mama kadhaa, wanawe watashindana na wana wa wengine, kwa hiyo inalipa kuzaa madume zaidi. Nyigu anayaweza hayo kwa sababu yai lisilorutubishwa huwa dume na lililorutubishwa huwa jike, na mwenye kufungua au kufunga mlango wa mbegu ni mama. Edward Allen Herre alihesabu nyigu wa jamii hii huko Panama, na mwaka 1985 akaonyesha kwamba kadiri akina mama wanavyoongezeka ndani ya tunda, ndivyo sehemu ya madume inavyopanda, kama hesabu ilivyotabiri.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi. Utitiri mmoja alioutaja Hamilton (huyu ana miguu minane, si mdudu hasa) hubeba tumboni kundi la mabinti na dume mmoja. Dume huyo huwapanda dada zake humohumo tumboni mwa mama yao, na hufa kabla ya kuzaliwa. Ni vigumu kupata mahubiri ya ndoa yanayoweza kufunguliwa kwa mfano huo.

Uganda ina kisa chenye uzito zaidi. Miaka ya 1960 Denis Owen, aliyekuwa akifundisha Makerere, alifuga vipepeo wa spishi iitwayo Acraea encedon akagundua kwamba baadhi ya akina mama huzaa mabinti watupu. Sababu ilijulikana miaka ya 1990, Francis Jiggins na wenzake walipochunguza vipepeo hao wa Uganda: ni bakteria aitwaye Wolbachia, anayeishi ndani ya seli na kurithiwa kupitia yai la mama peke yake. Kwa bakteria huyo dume ni njia isiyotokea popote, maana mbegu ya dume haimbebi. Basi huwaua madume wangali ndani ya mayai, na dada zao wenye bakteria hubaki na chakula cha kutosha. Katika baadhi ya makundi zaidi ya majike tisa kati ya kumi wameambukizwa. Madume wameadimika hata desturi zimepinduka: majike ambao hawajapandwa hukusanyika juu ya vilima, makundi makundi, wakingoja dume apite. Wengi hawampati.

Arbuthnot angeandika nini kama badala ya mitaa ya London angehesabu vipepeo wa Uganda? Kwa hoja yake, wavulana wakizidi kidogo ni rehema, na wakilingana ni rehema. Wakiwa mmoja kwa kumi itabidi aite nini?

Mizani hiyo huweza kurudi ghafla. Katika visiwa vya Upolu na Savaii huko Samoa, kipepeo Hypolimnas bolina alikuwa na madume asilimia 1 tu mwaka 2001, kwa sababu ya bakteria wa jamii hiyohiyo. Mwaka 2006 Sylvain Charlat na wenzake walikuta madume karibu asilimia 40. Jeni ya kumzuia bakteria asiue ilikuwa imeingia na kuenea kwa vizazi visivyozidi kumi, kwani katika nchi isiyo na madume, mwana mmoja aliye hai ni utajiri usio na mfano. Sheria ya Fisher ilifanya kazi mbele ya macho ya watu. Lakini kabla ya hapo iliacha vizazi na vizazi vya vipepeo wakifia katika mayai, bila haraka yoyote.

Mpaka hapa msomaji anaweza kusema: hao ni wadudu, wala hawana wa kuwalilia. Basi tuhamie kwenye damu.

Mwaka 1949 kijana Anthony Allison, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekulia katika Bonde la Ufa nchini Kenya, alikuja na msafara kutoka Oxford, akakusanya damu za watu wa makabila mbalimbali. Alikuta jambo lililomnyima usingizi. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, zaidi ya asilimia 20 ya watu walikuwa na alama ya ugonjwa ambao Kiswahili kimeupa jina lisilohitaji kamusi: selimundu. Nyanda za juu, ambako mbu wa malaria walikuwa wachache, hawakufika asilimia 1. Mwaka huohuo Linus Pauling na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa hao, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, ina tofauti ya umeme na ya watu wengine. Vernon Ingram akaipata tofauti yenyewe miaka ya 1956 na 1957. Katika mnyororo wenye viungo 146, kiungo cha sita kimebadilishwa: palipotakiwa asidi ya glutamiki pamekaa valini. Basi, ni hilo tu. Kwa sababu hiyo chembe nyekundu ambayo ingekaa kama kitumbua kilichobonyezwa katikati, ikikosa oksijeni hujikunja kama mundu, hukwama kwenye mishipa, na mtoto hulia usiku kucha akishika miguu.

Allison alirudi, akayatoa majibu yake mwaka 1954. Kwa watoto 290 aliowapima nchini Uganda, vimelea vya malaria vilionekana kwa 12 kati ya 43 wenye nakala moja ya jeni hiyo, na kwa 113 kati ya 247 wasiokuwa nayo. Kisha akafanya jambo ambalo leo lingegonga mwamba kwenye kamati ya maadili: Waluo 30 waliojitolea waliambukizwa malaria. Kati ya 15 wasio na jeni, 14 walipata vimelea. Kati ya 15 wenye nakala moja, ni wawili. Miaka mingi baadaye, huko Kilifi, Thomas Williams na wenzake waliwafuatilia watoto kwa makini zaidi, na mwaka 2005 wakatangaza kwamba nakala moja hupunguza malaria kali kwa karibu asilimia 90. Hakuna chandarua kinachofikia hapo.

Basi hesabu ni hii. Baba ana nakala moja na hajui, mama ana nakala moja na hajui. Kwa kila ujauzito, nafasi ni robo kwamba mtoto hatapata hata nakala moja, naye atakutana na malaria kifua wazi. Nafasi ni nusu kwamba atapata moja, naye amekingwa. Nafasi ni robo kwamba atapata mbili. Jeni ikiwa adimu, malaria inaua sana wasio nayo, kwa hiyo inaongezeka. Ikizagaa, wanaozaliwa na nakala mbili wanakuwa wengi na wanakufa nayo, kwa hiyo inapungua. Inasimama katikati. Mahali ambapo mtu mmoja kati ya watano ana nakala moja, mtoto mmoja hivi kati ya mia huzaliwa na mbili. Ni soko lilelile la nyanya, na ndiyo maana wanaosoma uwiano wa nyigu na wanaosoma protini za damu hutumia milinganyo ya ukoo mmoja. Tofauti ni kwamba huku robo ina jina. Ina sare ya shule na daftari la kliniki.

Majumbani jina hilo huzungukwa na maneno. Wapo wanaosema mtoto amerogwa, kuna mkono wa mtu. Wapo wanaomtazama mama peke yake, ingawa bila baba robo hiyo haipo. Na wapo wanaotaka kufariji, wakamwambia mzazi kwamba yote yana hekima: ugonjwa huu ndio uliowaokoa babu zetu na malaria. Kisayansi ni kweli. Mzazi aliyekaa kando ya kitanda haliulizii hilo, na kuna kitu cha kuudhi katika kumweleza kwamba mwanawe analipa deni la watoto wa wengine.

Isitoshe, hata kama kinga, kazi yenyewe si ya fundi aliyechora ramani kabla ya kuchimba msingi. Watoto wa Kilifi wanalionyesha hilo pia. Wengi wao wana badiliko jingine la damu, thalasemia ya aina ya alfa, ambalo nalo peke yake hukinga dhidi ya malaria. Mtu angetegemea kwamba mwenye yote mawili amevaa ngao mbili. Williams na wenzake walikuta kinyume chake: yakikutana, kinga inayeyuka, karibu kama vile mtoto hana hata moja. Na Afrika Magharibi, hasa Burkina Faso na jirani zake, kiungo kilekile cha sita kimebadilishwa kuwa kingine kiitwacho lisini. Wenye nakala mbili za himoglobini hiyo wana upungufu mdogo wa damu tu, na watafiti wakiongozwa na David Modiano walikadiria mwaka 2001 kwamba wamekingwa dhidi ya malaria kwa asilimia 93. Kumbe dawa nafuu ilikuwepo, hatua moja kando ya ile ghali. Lakini mahali pengi ile ghali ndiyo iliyoenea. Daniel Shriner na Charles Rotimi walikadiria mwaka 2018 kwamba selimundu ilianza kwa mtu mmoja barani Afrika, miaka 7,300 hivi iliyopita. Kutoka kwake imesafiri na wakulima, wafanyabiashara na watumwa hadi Marekani, na hadi Oman, ambako damu za wagonjwa zina alama za Afrika Magharibi, za Waafrika wa Kibantu na za Bara Hindi kwa pamoja.

Darwin alimwandikia rafiki yake Mmarekani Asa Gray mwaka 1860 kwamba hawezi kujiaminisha kuwa Mungu mwema aliwaumba kwa makusudi nyigu wanaowala viwavi wakiwa hai kutoka ndani. Barua hiyo hutajwa sana na wanaokana dini, kama vile hoja ya Arbuthnot ilivyotajwa na watetezi wa dini. Lakini tazama jinsi wapinzani hawa walivyo pacha. Mmoja amefungua daftari la viumbe akasoma wema, mwingine akasoma ukatili. Wote wawili wamekubaliana, bila kuulizwa, kwamba daftari hilo ni barua ya wasifu wa mwenye nalo. Daftari lenyewe lina safu moja tu: wajukuu. Halina mahali pa kuandika maumivu, wala pa kuandika nani alistahili. Kuliuliza kuhusu rehema ni kupeleka mzani wa nyama kupima homa.

Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, anajulikana kwa kauli inayofanana na ya Leibniz, kwamba katika yanayowezekana hakuna bora kuliko yaliyopo. Wanazuoni waliibishania kwa karne nyingi. Kinachosahaulika ni mahali alipoiweka. Hakuiweka katika elimu ya nyota wala ya wanyama. Iko katika kazi yake kubwa, Ihya, kwenye kitabu cha tauhidi na tawakali, yaani pale anapozungumza na moyo wa mtu anayetaka kumtegemea Mola wake. Si jumla iliyopatikana kwa kuhesabu. Na katika kitabu hichohicho anaeleza kwamba kutafuta dawa hakuvunji tawakali. Arbuthnot alitaka kumfikia Mungu kwa jumlisho. Ghazali alianza na Mungu, kisha akamtuma mgonjwa kwa tabibu. Mwandishi wa makala haya anaona wa pili aliielewa hatari vizuri zaidi, kwani imani inayoegemea takwimu za kuzaliwa itayumba siku takwimu hizo zikipata maelezo mengine, na zimeyapata.

Kitabu cha Ayubu nacho kina jambo linalopitwa haraka. Rafiki zake wamekuja na hesabu safi: taabu hii ina sababu yake, tafuta kosa. Mwishoni wao ndio wanaokaripiwa. Na Mungu anapojibu, haonyeshi mizani yoyote. Anamtaja mbuni anayeacha mayai yake mchangani yakanyagwe, na tai ambaye makinda yake hunyonya damu. Ukisoma baada ya kukaa na nyigu wa kuyu, orodha hiyo haishangazi sana.

Mpaka karne hii mizani hizi zilikuwa za kutazamwa tu. Sasa kuna wanaozigusa. Mwaka 2014 watafiti wa Imperial College London walitangaza kwamba wametengeneza mbu wa Anopheles gambiae, wasambazaji wakuu wa malaria Afrika, ambao zaidi ya asilimia 95 ya watoto wao ni madume. Kimeng'enya hukata kromosomu ya X wakati mbegu inaundwa, kwa hiyo mbegu za kuzaa majike zinaharibika, na mbu dume haumi mtu. Mwaka 2018 kundi la chuo hichohicho likatumia jeni inayojirithisha kwa karibu watoto wote badala ya nusu, likayamaliza makundi ya mbu ndani ya vizimba kwa vizazi kati ya 7 na 11. Mradi wa Target Malaria, ulio na wabia Entebbe, uliachia mbu madume tasa katika kijiji cha Bana nchini Burkina Faso mwaka 2019, na Agosti 2025 serikali ya huko ikausimamisha.

Kanisani na msikitini hoja inayosikika kwanza ni kwamba huko ni kuingilia kazi ya Mungu. Kwa aliyesoma habari za Acraea wa Uganda hoja hiyo peke yake haina nguvu, maana bakteria wamekuwa wakipindua idadi ya madume kwa muda mrefu, na hawakuomba ruhusa. Yenye nguvu ni maswali ya kibinadamu: kijiji gani kimeulizwa, nani atajibu mbu wakivuka mpaka, na kilichoachiwa kitarudishwaje.

Hata malaria ikiisha kesho, robo haitaondoka nayo. Marekani ilitangazwa kuwa imeimaliza mwaka 1951, na bado Mmarekani Mweusi mmoja hivi kati ya 13 ana nakala ya jeni hiyo. Kinga imekosa kazi, ugonjwa umebaki. Kwenye safu ya wajukuu jeni itapungua polepole, kwa vifo, kama daftari lilivyozoea. Watu wameamua kutongoja. Mwishoni mwa 2023 Uingereza, kisha Marekani, ziliidhinisha tiba iitwayo Casgevy, inayohariri chembe za uboho ili mwili urudie kutengeneza himoglobini ya mtoto aliye tumboni, ile ambayo haijikunji. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa. Kwa wengi wa pwani na kanda ya ziwa, tiba inayofikirika ni vidonge vya haidroksiyurea, damu ya kuongezewa, na kipimo cha mapema kabla mtoto hajaanza kuugua.

Karatasi za London ambazo Arbuthnot alizitegemea zilikuwa na safu mbili, ya waliobatizwa na ya waliozikwa. Yeye alihitaji ya kwanza. Mwaka 1665, mwaka wa tauni, safu ya pili ilipita watu 97,000. Ya kwanza haikufika 10,000, na katika jedwali lake mwaka huo una mstari mmoja, kama miaka mingine: wavulana zaidi ya 5,100, wasichana zaidi ya 4,800. Wavulana wamezidi, kama kawaida.